Sloti sita, kadi ya picha SIFURI. Hawa jamaa wametuchoka!

Fundi wa Klipu: Wakuu, salamu baadaye. Jamaa ni Apple, leo Juni 2023, na mnara ni kompyuta yao mpya ya Mac Pro. Uzinduzi umeisha sasa hivi. Mnara tuliousubiri tangu ule wa 2019 umepewa dakika chache tu, umepitishwa mbio kama mgeni aliyeingia harusini bila kadi ya mchango. Halafu zikaja programu za simu, zikaja za saa, na mwisho miwani ya dola 3,499 ya kuangalia filamu umelala kwenye sofa.

Mnara wenyewe dola 6,999. Sloti za PCIe (nafasi za kuchomekea kadi) saba, moja imeshakaliwa na kadi ya matundu ya kuchomekea nyaya, zinabaki sita. Sasa chomeka kadi ya picha (GPU) uone. HAISOMI! Sloti sita za nini, kufugia kuku?

Wa 2019 ulibeba RAM hadi TB 1.5, vijiti 12, unafungua unaongeza mwenyewe. Huu mwisho wake GB 192, tena imeganda pamoja na chipu: ukinunua ya GB 64 utazikwa nayo. Aliyekuwa na kadi mbili za picha za W6800X Duo alikuwa na GPU nne, kila moja na GB 32 zake. Leo anaambiwa hizo akaziuze, sloti azitazame. Sita!

Bwana Adapta: Pole mkuu, ila mnara wa nini? Kasanduku kao kadogo, Mac Studio, kana chipu ile ile ya M2 Ultra kwa dola 3,999. Hizo 3,000 za juu unalipia hewa.

Mzee wa Sauti: Vijana msidanganyane. Kadi za HDX za kurekodi sauti zinaingia, za SDI za video zinaingia, za mtandao wa faiba zinaingia. Si kila mtu anatengeneza picha nzito.

Fundi wa Klipu: Shikamoo mzee. Lakini HDX si inaingia kwenye boksi la nje linalochomekwa kwa waya wa Thunderbolt? Boksi linatoa kasi ya njia nne za PCIe kizazi cha tatu, karibu GB 3 kwa sekunde. Kwa sauti hiyo inatosha na chenji inabaki. Mnara unaleta maana ukiwa na kadi moja yenye diski nne za kasi za NVMe, hapo boksi linaachwa mbali. Kadi ya picha je?

Mzee wa Sauti: Marahaba. Kelele punguza.

Kernel Panic: Tatizo si sloti, ni dreva, yaani programu ya kuiwezesha kadi isomwe. Mfumo wao kwenye chipu za M hauna dreva za kadi za picha za AMD, na CPU na GPU zinakula sahani moja ya RAM. Ndiyo maana hata boksi la nje la GPU lililokuwa linapiga kazi kwenye Mac za chipu za Intel, huku ni pambo. Usijaribu kulazimisha, umeme itapata, picha haitatoka.

Pilipili Kichaa: Nimesoma mpaka "sita" ya mwisho nikachoka. Magurudumu ya mnara bado dola 400, nunua usukumie hasira 😂

Dada Rangi: Mnashangaa leo? 2011 walileta programu mpya ya kuhariri video, Final Cut Pro X: ilikuwa haifungui miradi ya toleo la 7, haina multikamu (kuhariri kamera nyingi kwa pamoja), haitoi XML wala OMF, faili za kuhamishia mradi kwenye programu nyingine. Na ile ya zamani wakaiondoa sokoni. 2013 wakaleta Mac Pro ya umbo la silinda, feni moja, sloti hakuna, GPU mbili za kwao wenyewe. Mpaka 2017 ndipo wakakiri kwamba joto limewabana. Anayewaamini tena ana moyo.

Mteja Sugu: Kipanya chao tundu la chaji liko tumboni. Ukichaji unakilaza chali kama mende. Nani alipitisha?

Bwana Adapta: Afadhali kipanya. Zile kibodi za kipepeo za laptop zao, punje moja ya vumbi herufi inajiandika mara mbili. Ubadilishe kibodi tu? Haiwezekani, inakuja na kava lote la juu na betri yake imegundishwa humo.

Fundi wa Klipu: Jamani, kadi ya picha...

Stesheni ya Jirani: Nyie mna shida za kitajiri. Wauza printa za tanki ndio wezi. Taa mbili nyekundu zinapokezana, mashine imegoma, kumbe kaunta ya wino taka, ile inayohesabu wino uliomwagwa wakati wa kusafisha, imejaa. Wino upo full!

Kernel Panic: Usireseti kaunta kabla ya kubadilisha pedi, ile sponji inayonyonya wino taka. Kaunta ikirudi sifuri na pedi imelowa, wino utamwagika mezani. Toa pedi, osha, kausha kabisa, au weka mpya, ndipo ureseti.

Stesheni ya Jirani: Programu ya kureseti nimeipata, inaniambia hakuna printa.

Kernel Panic: Programu huenda na modeli, ya modeli moja haisomi nyingine. Na tumia kebo ya USB, siyo Wi-Fi. Taja modeli.