Intavyuu kubwa imekaribia: Kiswahili changu cha Mombasa kitaniponza?

MwanaChula: Assalam aleikum ndugu zangu. Niko Glasgow, nimeomba ukimbizi, na intavyuu kubwa imebaki wiki tatu. Mimi Mbajuni, nimezaliwa kisiwa cha Chula, kusini ya Kismayo, Somalia. Tulikimbia 2009, Al-Shabaab wameshika Kismayo, mimi nina miaka 11. Nikakulia Mombasa bila karatasi yoyote, kwa hiyo nikifungua mdomo mtu anasikia Kimvita. Naogopa karani atasema mimi Mkenya, basi, mambo yameisha. Tena kwenye intavyuu ile fupi ya mwanzo niliulizwa nimetoka wapi nikajibu Mombasa. Nilidhani wanauliza safari ilianzia wapi! Nifanyeje?

PwezaMkavu: Mombasa ifute kabisa. Sema ulitoka Chula moja kwa moja. Nani atajua?

MamaShungwaya: Weye Pweza, usimzamishe mtoto wa watu. Mombasa imeshaandikwa kwenye faili, ataifuta na nini? Na lafudhi yake je?

Mwanangu, sema ulikaa Mombasa, sema miaka mingapi, mtaa gani, na nani alikulea. Kukaa nchi ya watu bila karatasi hakukufanyi raia wake. Ukificha hilo, Kimvita chako kitakuwa ushahidi dhidi yako. Ukilisema, ndilo linaloeleza kwa nini unazungumza hivyo.

Na mkalimani mchunguze kabla hujaanza. Mimi nilisema tulikuwa "wachachu" kwenye mashua, yaani watatu, kama tunavyosema kwetu. Mkalimani wa bara akasikia chachu, akadhani nazungumzia hamira! Nikamsimamisha pale pale. Ningenyamaza, ingeandikwa hivyo hivyo.

MkalimaniMchovu: Bi Mama, hiyo ya hamira nimecheka, ila naiamini. Nimefanya kazi hiyo miaka kadhaa.

MwanaChula, anayeamua hakuwepo Chula. Ana makaratasi tu: ile intavyuu fupi, maelezo yako ya maandishi, intavyuu kubwa, na ripoti za Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza kuhusu Somalia. Kazi yake ni kulinganisha. Kwa maombi ya kuanzia 28 Juni 2022, sheria inamtaka apime mara mbili. Kwanza, je, yaelekea zaidi kuwa kweli kuliko uongo kwamba wewe ndiye unayesema ndiye, na kwamba unaogopa? Ukivuka hapo, hatari ya kurudishwa inapimwa kwa kipimo chepesi zaidi. Kesi yako, kwa nionavyo, itasimama au kuanguka kwenye kile cha kwanza.

Ndiyo maana hilo jibu la "Mombasa" lisilale. Wakili aandike barua wiki hii, aeleze ulivyolielewa swali. Ukingoja mpaka ubanwe ndipo usahihishe, utaonekana unatunga.

Kuhusu lugha, huenda wakakurekodi ili mchambuzi aseme unatoka wapi. Mahakama ya Juu ya Uingereza iliwahi kuligusa hilo 2014, kwa kesi za Wasomali zilizotoka huko huko Scotland: ripoti ya lugha ipimwe pamoja na ushahidi mwingine, na mchambuzi asijifanye mjuzi wa nchi kama hajaonyesha ujuzi huo. Omba mkalimani wa Kibajuni mapema, kwa maandishi. Omba pia nakala ya sauti na ya maandishi ya intavyuu. Wakikukataa, siku za kukata rufaa ni 14 tu, usizipoteze kwa kulia.

PwezaMkavu: Haya, nimenyamaza. Ila akakariri ramani basi, visiwa vyote na umbali wake.

MamaShungwaya: Akariri ya nini? Mtoto wa miaka 11 hajui umbali kwa kilomita. Shemeji yangu aliulizwa Chovai iko upande gani, akainua mkono akaonyesha, kisha akaeleza walivyovuka. Mwanangu, usilolijua sema sijui. Wewe unakumbuka nini hasa?

MwanaChula: Siyo mengi, Bi Mama. Nakumbuka baba akiuza kamba mawe kwa mnunuzi aliyekuja na mizani iliyofungwa waya. Kamba mmoja mguu umekatika, mnunuzi akakataa kumpima, tukamla sisi usiku ule. Hilo litasaidia nini?

MkalimaniMchovu: Mpelekee wakili kesho, na mguu wake uliokatika.