Biden na majaji wa maisha: hoja nzuri, ila mbona aliileta akiwa anafunga virago?

Wadau naomba tujadili hili bila ushabiki, maana Mahakama ya Juu ya Marekani ikitajwa tu watu wanagawanyika papo hapo, wa Trump huku wa Biden kule, halafu hoja yenyewe haiguswi.

Kwa ambaye hakufuatilia, tarehe 29 Julai 2024 Biden alisimama kwenye maktaba ya Lyndon Johnson pale Austin, Texas, akataka mambo matatu. Majaji wa mahakama hiyo wasikae maisha tena, wakae miaka 18 na rais awe anateua mmoja kila baada ya miaka miwili. Wawekewe kanuni za maadili zenye nguvu ya kuwabana. Na katiba irekebishwe ili rais mstaafu asiwe na kinga kwa makosa ya jinai aliyofanya akiwa ikulu, hili likiwa jibu kwa hukumu ya tarehe 1 mwezi huo huo ambapo majaji sita dhidi ya watatu walimpa rais kinga pana kwa matendo yake ya kikazi.

Msimamo wangu: hiyo ya miaka 18 naiunga mkono mia kwa mia, ila Biden simpi maksi hata kidogo.

Angalieni mtiririko wake. Huyu mzee alikuwa seneta tangu 1973, na kuanzia 1987 hadi 1995 ndo alikuwa mwenyekiti wa kamati ya sheria ya Seneti, ile inayowahoji majaji kabla hawajapigiwa kura. Clarence Thomas alihojiwa mbele yake 1991 akapita kwa kura 52 kwa 48, akiwa na miaka 43, na mpaka leo yupo kitini. Yaani ubaya wa uteuzi wa maisha Biden hakuhadithiwa, aliuona live. Kampeni za 2020 akaulizwa tena na tena ataongeza idadi ya majaji au la, akakwepa, akasema ataunda tume. Tume ikaundwa 2021, wasomi wakakaa wakaandika, ripoti ikatoka Desemba, na baada ya hapo kimya. Mwaka huo huo wabunge wa chama chake cha Democrat walileta muswada wa kutoka majaji 9 kwenda 13, Spika Pelosi akasema hana mpango wa kuupeleka ukumbini. Halafu Julai 2024, wiki moja na kidogo baada ya kujitoa kwenye mbio za urais, na Baraza la Wawakilishi likiwa mikononi mwa Republican, ndo mzee anakuja na mageuzi. Kwa nani? Kurekebisha katiba ya Marekani unahitaji theluthi mbili ya mabaraza yote mawili, kisha majimbo 38 kati ya 50. Spika Mike Johnson hakuhitaji hata kufikiria mara mbili kulikataa.

Najua kuna watakaosema 2021 asingeweza kwa sababu Seneti ilikuwa 50 kwa 50, na maseneta wa chama chake kama Manchin wasingekubali. Sawa, kupitisha asingepitisha. Lakini kusema angeweza bana! Hoja ya mwaka wa kwanza watu wanaibishania kwa miaka minne, wanaizoea, ila hoja ya kuaga inaonekana kama kisasi cha aliyeshindwa kesi.

Sasa wale wa kuongeza viti. Hapa mimi nasimama na Biden wa zamani, yule wa 1983 aliyeuita mpango wa Rais Roosevelt wa kijinga. Mnaukumbuka? Roosevelt 1936 alishinda majimbo 46 kati ya 48, mahakama ilikuwa inamtupia nje sheria zake za kufufua uchumi, mwaka uliofuata akataka aongeze jaji mmoja kwa kila jaji aliyepita miaka 70 na kugoma kustaafu, hadi sita. Waliomzima ni chama chake mwenyewe ndani ya Seneti. Na ni kweli kwamba namba 9 haimo kwenye katiba, iliwekwa na sheria ya kawaida 1869, kabla ya hapo walishawahi kuwa sita, saba, hata kumi. Ndo maana sasa inatisha: ukiongeza wanne leo, mwenzako akishika dola anaongeza sita, mwisho mahakama inakuwa bunge lenye majoho.

Miaka 18 inatibu ugonjwa wenyewe, yaani bahati ya vifo. Carter alimaliza miaka minne bila kuteua jaji hata mmoja. Trump kwenye miaka minne yake ya kwanza akapata watatu. Na wawili kati ya hao mnajua walivyopatikana: Jaji Scalia alifariki Februari 2016, Obama akamteua Merrick Garland mwezi Machi, Republican waliokuwa na wingi Seneti wakasema subirini uchaguzi wa Novemba, jamaa hakupewa hata kikao cha kuhojiwa, kiti kikaja kujazwa na Trump. Jaji Ginsburg akafariki Septemba 2020, watu wale wale wakampitisha Amy Coney Barrett tarehe 26 Oktoba, siku nane kabla ya uchaguzi, na watu walishaanza kupiga kura za mapema. Sasa hapo utamwambia nini mwananchi kwamba mahakama haina siasa?

Ila hata mpango wa Biden una shimo pale pale. Ukisema rais ateue kila miaka miwili, Seneti ya upinzani ikikataa kumhoji mteule, unafanyaje? Kesi ya Garland inajirudia, tena kwa ratiba. Bila kifungu cha kuilazimisha Seneti ipige kura ndani ya muda fulani, hizo 18 ni namba tu. Kuhusu maadili sina mengi, mwaka 2023 baada ya habari za Thomas kusafirishwa kifahari na tajiri rafiki yake majaji walijiandikia kanuni zao wenyewe, ila hakuna wa kuzisimamia, mwamuzi ndo mchezaji.

Na sasa pale ambapo nataka tubishane kweli: saa inaanza kuhesabu lini? Pendekezo halikulifafanua hilo, na ndo uhai wa jambo zima. Ukianza na waliopo, siku ile Biden anaongea Austin tayari watatu walishavuka miaka 18: Thomas wa 1991, Roberts wa 2005, Alito wa Januari 2006. Wote waliteuliwa na marais wa Republican, wawili na Bush mtoto, mmoja na Bush baba. Hapo hata ungekuwa na nia safi kama malaika, hakuna Republican atakayekuelewa. Kuna pia mabishano ya kisheria, maana katiba yao inasema jaji anakaa maadamu ana mwenendo mwema, na wa kuamua kama sheria ya kawaida inaweza kumng'oa ni nani? Ni hao hao majaji.

Mimi ningeanza na wajao tu. Waliopo wamalize walivyoapa, na sheria isianze hadi baada ya uchaguzi wa urais unaofuata, ili anayeipigia kura leo asijue rais wa kwanza kufaidika ni wa chama gani. Itachukua miaka mingi, Wademocrat wengi hawataki kusikia hilo kwa sababu wanataka wingi wa 6 kwa 3 wa majaji walioteuliwa na Republican uvunjike kesho asubuhi.

Kwa hiyo nyie mnaotaka waliopo wahesabiwe, nitajieni majimbo 38 yatakayokubali.