Mjadala: Asilimia ya ufaulu ya mwaka mmoja inatosha kuiita shule ya msingi ya mji mdogo "mbovu"?

Mleta hoja

Wakuu, salamu. Kila matokeo ya mtihani wa kumaliza shule ya msingi yanapotoka, miji midogo hurudia ubishi uleule. Shule ya serikali ni moja au mbili, kila mtu anamfahamu mwalimu mkuu kwa sura, na ufaulu ukishuka kutoka asilimia 75 hadi 60 hukumu hutoka siku hiyohiyo: shule imekufa, walimu hawafundishi, mwenye uwezo amhamishe mtoto wake. Mwaka unaofuata asilimia inapanda, na walimu walewale wanapigiwa makofi. Nasema wazi kwamba hiyo ni dhuluma kwa walimu, na watoto haiwasaidii hata kidogo.

Tufanye hesabu. Chukua shule yenye watahiniwa 20. Asilimia 75 ni watoto 15, asilimia 60 ni watoto 12. Anguko lote linalopigiwa kelele ni watoto watatu. Mmoja aliugua wiki ya mtihani, mwingine alifiwa na mzazi, wa tatu alihamia akiwa amebakiza muhula mmoja. Kwenye shule ya watahiniwa 200, watoto watatu ni asilimia moja na nusu na hakuna atakayegundua. Kwa kanuni za takwimu, shule ya watoto 20 ambayo kiwango chake halisi ni asilimia 60 huyumba kwa takriban alama 11 za asilimia juu au chini mwaka hadi mwaka, kwa bahati tu, bila ufundishaji kubadilika. Ile ya watoto 200 huyumba kwa alama tatu na nusu.

Mwaka 2002 wachumi wawili wa Marekani, Thomas Kane na Douglas Staiger, walichapisha uchambuzi wa matokeo ya shule za msingi za jimbo la North Carolina. Shule ndogo zilijaa kileleni mwa orodha kuliko idadi yake ilivyostahili, na zilijaa mkiani vilevile. Anayetazama kileleni peke yake ataamini kwamba udogo ni siri ya ubora. Anayetazama mkiani ataamini kinyume chake. Wote wawili wanasoma bahati wakidhani wanasoma shule.

Hoja yangu ni hii. Shule ya aina hiyo ihukumiwe kwanza kwa mtoto aliyeingia darasa la kwanza bila kujua hata herufi moja. Je, akimaliza darasa la tatu anaweza kusoma aya fupi asiyowahi kuiona na kueleza imesema nini? Na jibu hilo lifuatiliwe miaka mitatu au minne mfululizo. Wastani wa mtihani wa mwisho uje nyuma ya hapo. Karibuni, nipingeni.

Mzazi

Ndugu yangu mleta hoja, hesabu zako nimezielewa, ila ulikofika nazo sikubali. Sisi wazazi tuna nini kingine mkononi? Ripoti ya ukaguzi hatuioni. Kikao baada ya kikao tunaambiwa maendeleo ni mazuri. Mtihani unaotungwa na kusahihishwa na watu wasiotufahamu ndicho kitu pekee ambacho mwalimu mkuu hawezi kukipaka rangi. Ukiniambia niuweke nyuma, unaniambia nimwamini yeye kwa maneno yake, na hapo ndipo tulipokwama miaka yote.

Ushahidi pia upo. Wales iliacha kuchapisha orodha za matokeo ya shule mwaka 2001, jirani yake England ikaendelea. Simon Burgess na wenzake walilinganisha nchi hizo mbili, na mwaka 2013 wakachapisha walichokiona: matokeo ya Wales yalirudi nyuma ukilinganisha na ya England. Robo ya juu ya shule haikuathirika. Zilizoteremka ni nyingine zote. Kwa hiyo orodha ilipofichwa, aliyeumia ni mtoto wa mtu asiye na pa kumhamishia mwanawe. Mtu huyo ndiye mimi.

Mwalimu mstaafu

Wanangu, mzazi ana haki ya kuogopa. Lakini niwaeleze jinsi asilimia inavyopandishwa bila mtoto hata mmoja kujua zaidi ya alivyojua jana. Mtoto dhaifu anakaririshwa darasa mwaka mmoja kabla ya mtihani, au mzazi wake anaitwa pembeni na kushauriwa amtafutie shule nyingine. Walimu hodari wanatolewa madarasa ya chini na kupelekwa darasa la mtihani. Michezo na uchoraji vinafutwa kwenye ratiba, na watoto wanakula mtihani wa majaribio kila wiki hadi wanakariri mtindo wa maswali. Idadi ya waliosajiliwa inapungua, asilimia inapanda, sherehe inafanyika.

Na kuna mahali walivuka hata hapo. Atlanta, Marekani, uchunguzi wa serikali ya jimbo uliotolewa mwaka 2011 ulikuta udanganyifu katika shule 44 na kuwataja walimu na wakuu wa shule 178. Majibu ya watoto yalikuwa yamefutwa na kuandikwa upya na watu wazima. Mwaka 2015 mahakama iliwatia hatiani 11. Kinachonisikitisha zaidi katika kesi ile ni wale watoto, kwa sababu karatasi zilisema wanajua, na mtoto anayejua hapewi msaada wa ziada. Mwanasayansi wa jamii Donald Campbell alikuwa ameshaonya tangu miaka ya 1970 kwamba kadiri kipimo kinavyotumika kutoa maamuzi mazito, ndivyo kinavyozidi kuharibika na kuiharibu kazi yenyewe kinayoipima.

Suala la madarasa ya chini ndilo linaloniuma. Mkitaka kumfahamu mwalimu mkuu, msimuulize asilimia. Muulizeni ni nani amempa darasa la kwanza, na amempa watoto wangapi. Huko Tennessee, kati ya mwaka 1985 na 1989, watoto waligawanywa kwa bahati nasibu tangu chekechea hadi darasa la tatu: wengine madarasa ya watoto 13 hadi 17, wengine ya 22 hadi 25. Waliokuwa kwenye madarasa madogo walisoma na kuhesabu vizuri zaidi, na waliopata faida kubwa zaidi walikuwa watoto wa tabaka la chini. Sasa nendeni mkaangalie ni darasa lipi linarundikwa watoto wengi kuliko yote, na ni mwalimu yupi anapewa kama adhabu.

Mjumbe wa kamati ya shule

Shikamoo mwalimu. Naungana nawe, ila kuna mlango ambao sitaki tuufungue. Mkishasema mtihani hautoshi, kesho yake mtasikia shuleni: "Tatizo ni nyumbani, wazazi maskini, sisi tufanyeje?" Maneno hayo yana historia. Mwaka 1966 ripoti ya James Coleman huko Marekani, iliyopima zaidi ya wanafunzi laki tano, ilionyesha kwamba hali ya nyumbani ilieleza tofauti za alama zaidi kuliko vifaa na fedha za shule. Tangu hapo kila mvivu ana kinga. Lakini mwaka 1983 Stephen Heyneman na William Loxley walitazama nchi 29, na wakakuta kwamba kadiri nchi ilivyokuwa maskini, ndivyo ubora wa shule na walimu ulivyokuwa na uzito mkubwa zaidi kwa alama za mtoto. Inaingia akilini. Mtoto asiye na kitabu wala mtu wa kumsomea nyumbani, yote anayoyapata anayapata darasani.

Kwa hiyo mimi nina kipimo ambacho hakihitaji takwimu. Nenda shuleni siku ya kawaida, bila taarifa, saa nne asubuhi. Pita kila darasa uhesabu ni mangapi yana mwalimu anayefundisha. Usihesabu walimu waliosaini daftari la mahudhurio, hesabu waliosimama mbele ya watoto. Utafiti wa nchi saba za Afrika uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta watoto wa shule za msingi wakifundishwa karibu nusu tu ya muda uliopangwa, na sehemu kubwa ya upungufu ilitokana na walimu ambao wapo shuleni lakini hawamo darasani. Nusu ya mwaka wa masomo imepotea hapo, kabla hatujafika kwenye mtihani wala umaskini wa mtu yeyote.

Mchangiaji mwingine

Mbona wenye mamlaka wenyewe wameanza kurudi nyuma? England shule za serikali zilikuwa zikihukumiwa kwa neno moja la mkaguzi kati ya manne, na tangu Septemba 2024 neno hilo limeondolewa. Tanzania, Januari 2023, Baraza la Mitihani lilisema halitatangaza tena shule bora. Mimi nasema waliochelewa wafuate.

Mzazi

Ndugu, kuondoa neno hakuniambii chochote kuhusu darasa la mwanangu. Neno likitoka, waweke kitu.

Mleta hoja

Mzazi yuko sahihi hapo, na sijasema matokeo yafichwe. Nataka yatolewe mengi zaidi ya yanavyotolewa leo. Kando ya asilimia iandikwe idadi ya watahiniwa. Iandikwe pia idadi ya watoto walioanza darasa la kwanza kundi hilo lilipoingia, na wangapi walikaririshwa, walihama au waliacha njiani. Hapo mbinu aliyoieleza mwalimu wetu inaonekana kwa macho: shule ikianza na watoto 34 na kupeleka 20 kwenye mtihani, ufaulu wa asilimia 90 ni habari mbaya. Mwisho iandikwe jumla ya miaka mitatu pamoja. Nakiri hata watoto 60 wa miaka mitatu bado wanayumbisha asilimia kwa alama sita hivi, lakini hiyo ni afadhali kuliko 11.

Kuhusu Wales, zile ni sekondari zenye watahiniwa wengi. Namba yenye watu mia mbili ndani yake inabeba ujumbe, na kuificha ni kosa. Yenye watu 20 inabeba ujumbe kidogo na kelele nyingi, na mzazi anayemhamisha mtoto kwa kelele anaweza kuwa anamtoa kwenye mikono mizuri.

Kile kipimo cha kusoma si ndoto yangu. Mpango wa Uwezo, ulioanza Kenya mwaka 2009 na kuenea Tanzania na Uganda, umekuwa ukiwapima watoto wakiwa nyumbani kwao, kusoma na kuhesabu kwa kiwango cha darasa la pili. Kwa kuwa wanapimwa nyumbani, aliyeacha shule naye anahesabiwa, na mzazi anasikia kwa masikio yake kama mtoto wa darasa la nne anakwama kwenye sentensi ya pili. Benki ya Dunia nayo tangu mwaka 2019 inaitazama elimu ya msingi kwa swali la karibu na hilo: mtoto wa miaka 10 anaweza kusoma na kuelewa maandishi mepesi? Kwa shule ya mji mdogo jambo hili ni rahisi mno. Watoto 20, dakika tano kila mmoja, asubuhi moja imetosha.

Mwalimu wa darasa la kwanza

Nimewasoma wote, na nasema hivi kwa heshima. Mleta hoja, umeondoa mzigo kwa mwalimu wa darasa la mwisho na kuutua kichwani kwangu. Siku hiyo aya ikigeuka kuwa kipimo cha kuihukumu shule, nitaambiwa niwakaririshe watoto aya. Nitafanya nini? Watatamka kila neno na hawatajua wamesema nini. Mwalimu mstaafu ameeleza jinsi kipimo kinavyooza, basi na hiki kitaoza. Tena kuna watoto wanaokutana na lugha ya shule kwa mara ya kwanza siku wanayoingia kwangu. Mimi nawafundisha kwanza kuongea, ndipo herufi. Ukiwaweka mstari mmoja na aliyezaliwa nayo, utaniita mzembe katika mwaka niliofanya kazi kubwa kuliko yote.

Njoo Januari, njoo tena Novemba. Andika mtoto alikuwa wapi na amefika wapi. Hapo nitakubali kupimwa, na nitafurahi.

Mleta hoja

Dada yangu, hilo nalichukua lilivyo, na linaiboresha hoja yangu. Mtoto apimwe anapoingia na apimwe tena, na kinachosomwa ni umbali aliosafiri. Aya ichaguliwe asubuhi hiyohiyo, wasikilizaji watoke shule jirani, na kila mtoto aulizwe maswali mawili kuhusu maana ya alichosoma, kwa sababu hayo hayakaririki. Matokeo yaanze kwako wewe mwalimu, uone nani anahitaji msaada, kabla hayajafika kwa mtu wa kulaumu.

Mzazi

Na yakiwa mabaya mwaka baada ya mwaka? Mtaendelea kusikiliza watoto wakisoma tu? Nataka kusikia mwisho wake.

Mleta hoja

Miaka mitatu ikipita, idadi zote zikiwa zimeandikwa, watoto wamesoma mbele ya walimu wageni na bado hawasogei, na kamati imekuta madarasa hayana mwalimu saa nne asubuhi, basi bahati haihusiki tena. Hapo nitakaa upande wako kwenye kikao na kudai mwalimu mkuu abadilishwe, kwa maandishi, na sitataka kusikia habari za umaskini wa wazazi. Lakini kwa watoto watatu wa mwaka mmoja, saini yangu hamtaipata.