Naomba ushauri: kutenganisha rangi za vijidudu vya mabwawa ya chumvi

Ndugu wataalamu wa kemia ya viumbe, naomba mwongozo wenu. Ninafundisha sekondari mjini Lindi, na ningependa wanafunzi wangu wachunguze wekundu unaoweza kutokea katika mabwawa ya chumvi ya pwani yetu, maji yanapokolea sana. Kwa kawaida wekundu wa namna hiyo hutokana zaidi na akea (vijidudu vya seli moja vinavyofanana na bakteria lakini si bakteria), ambazo hutengeneza rangi iitwayo bakterioruberini, yenye atomi 50 za kaboni. Lakini bakteria Salinibacter ruber, aliyeelezwa mwaka 2002 kutoka Hispania, hutengeneza salinizanthini, karotenoidi (rangi ya jamii ile ile ya rangi ya karoti) ya kaboni 40 iliyoungana na sukari na asidi ya mafuta. Hii ndiyo inayonivutia hasa, kwa kuwa hukusanya mwanga na kuupitisha kwenye protini inayosukuma protoni nje ya seli. Rangi zote mbili huundwa kupitia likopeni, rangi nyekundu ya nyanya.

Je, kromatografia ya tabaka jembamba (kutenganisha rangi kwa kuzipandisha na kiyeyushi kwenye bamba) yaweza kuzitofautisha pasipo spektrofotomita, yaani kifaa cha kupima mwanga unaofyonzwa, na ni mchanganyiko gani wa asetoni na heksani unaofaa? Pia, kwa kuwa seli za akea hupasuka katika maji yasiyo na chumvi, niondoeje chumvi bila kupoteza rangi, ambayo huharibiwa upesi na mwanga na hewa?