Hosta zimebanana kivulini, nizigawe?

Wapendwa, salaam.
Nyumba tuliyohamia hapa Minneapolis, Marekani, ina mti mkubwa wa mepo (maple) upande wa kaskazini, na mwenyewe wa zamani alituachia hosta chini yake, yale mapambo ya kivulini yenye majani mapana. Kiangazi kilichopita zilibanana kama abiria wa daladala jioni, hata njia ya kwenda bombani ikafunikwa. Shina moja limekufa katikati, limebaki duara kama kata ya kubebea ndoo. Vichwa vimeanza kuchomoza juzi. Jirani anasema nigawe, mke wangu anasema nikizigusa zitakufa. Nani amewahi?

Re: Hosta zimebanana
Kaka, kwani hujawahi kupunguza migomba? Kwetu Bukoba shina linabaki na mama, mtoto na mjukuu, wengine wanang'olewa. Hosta nayo ni vivyo hivyo: katikati pamezeeka, machipukizi yanakimbilia nje.

Umeuliza wakati mzuri. Gawa sasa, vichwa vikiwa bado vimejisokota kama vidole, kabla majani hayajafunguka. Ukichelewa, ngoja mwisho wa Agosti au mwanzo wa Septemba, mizizi ishike kabla ardhi haijaganda. Julai usithubutu.

Chimba kuzunguka shina lote, linyanyue, lilaze kwenye turubai. Mimi mara ya kwanza nilikaa nachambua mizizi kwa vidole kama nasuka mtoto nywele, saa nzima ikapita sijapata hata kipande. Siku hizi nachukua msumeno mkuukuu wa matawi, nakata kama keki. Kila kipande kibaki na machipukizi matatu au manne na mizizi yake. Ile sehemu iliyooza tupa. Panda kina kilekile cha mwanzo, zile kubwa uziachanishe sentimita 60 hadi 90, kisha maji, maji, maji. Mwaka wa kwanza zitaonekana ndogo ndogo, usimwonyeshe shemeji.

Jambo moja tu usilipuuze: kuna kirusi kiitwacho Hosta Virus X, kilichotambuliwa hukuhuku Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1996. Kinapita kwenye utomvu, yaani kwenye kisu chako. Ukiona rangi imechuruzika kufuata mishipa ya jani kama wino kwenye karatasi mbichi, hakuna dawa. Ng'oa, funga mfukoni, tupa takatakani, usiweke kwenye mboji. Na kabla ya kuhamia shina jingine, safisha msumeno kwa dawa ya klorini, kipimo kimoja kwa tisa vya maji. Mimi nililetewa zawadi ya namna hiyo na rafiki. Nililia.

Re: Re: Hosta zimebanana
Naongezea: hosta ina saponini, aina ya sumu ya mimea, mbwa akiitafuna anatapika na kuharisha. Kulungu wao hawadhuriki, wanafyeka usiku mmoja.
Halafu Wajapani wanakula machipukizi machanga. Niliyakaanga na kitunguu na nyanya kama mchicha, hayakuwa mabaya. Nilipotia tui la nazi ndipo nilipoharibu.

Re: Re: Re: Hosta zimebanana
Asanteni. Leo nimeanza na lile la kata. Shemeji yenu alisimama dirishani, mikono kifuani, mpaka nikamaliza. Limetoa vipande saba: vitatu nimerudisha, vinne viko barazani ndani ya ndoo, nimevifunika gunia bichi. Majani ya mwaka jana yalikuwa safi, hayana wino. Anayetaka apite kabla ya Jumamosi, ila mwenye mbwa aseme kwanza.