Kuishtaki serikali kwa kutotekeleza sheria ya tabianchi: tuanzie wapi?

Mvuvi_Kipini aliuliza:

Salaam wenzangu. Kuna kikundi cha wavuvi na wakulima huku pwani ya kaskazini Kenya kinachotaka kwenda mahakamani. Maji ya chumvi yanaingia visimani, mikoko inakatwa, na mpango wa kaunti wa mabadiliko ya tabianchi umebaki karatasi. Juu ya hayo kuna tetesi kwamba mradi mkubwa umeshapewa leseni karibu na mlango wa mto.

Naomba wanaojua sheria wanieleweshe. Kesi hii inapelekwa mahakama gani? Lazima tuthibitishe hasara ya kila mtu? Ushahidi gani unakubalika? Na tukishindwa, ni nani atalipa gharama?

---

Wakili_Mwambao:

Ndugu, hapo una kesi mbili, na ukizichanganya utapoteza zote mbili. Moja ni ya leseni: kuna ofisi imefanya jambo. Nyingine ni ya utekelezaji: kuna ofisi haijafanya jambo. Kila moja ina mlango wake.

Leseni ya tathmini ya athari kwa mazingira hupingwa kwenye Jopo la Kitaifa la Mazingira (NET), chini ya kifungu cha 129 cha sheria ya mazingira, EMCA. Muda ni siku 60 tangu tukio unalolalamikia. Siku hizo zimeandikwa ndani ya sheria yenyewe, hazimo kwenye kanuni za jopo tu, kwa hiyo usitegemee kuongezewa. Anza na hili leo.

Mfano wa karibu yenu ni Lamu. Mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 pale Kwasasi ulipewa leseni Septemba 2016, na tarehe 26 Juni 2019 NET ikaifuta. Soma uamuzi ule wote. Watu wengi wanadhani ulishinda kwa hoja ya kwamba makaa ya mawe ni mabaya. Uzito mkubwa ulikuwa kwenye ushirikishwaji wa umma. Kanuni ya 17 ya kanuni za tathmini za 2003 inataka mabango, tangazo la gazeti kwa wiki mbili mfululizo, tangazo la redio, na mikutano isiyopungua mitatu na watu watakaoathirika. Mikutano ilikuwepo, lakini ilitangulia ripoti. Watu waliitwa kuelezwa habari za mradi, si kutoa maoni juu ya matokeo ya uchunguzi ambayo yalikuwa hayajakuwepo. Jopo likasema huko si kuwashirikisha.

Hoja ya tabianchi iliingia kwa njia hiyohiyo. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 ilianza kutumika miezi michache kabla ya leseni kutolewa, na tathmini haikuigusa. Jopo liliona kuiacha sheria hiyo ni kasoro yenye uzito. Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi kule Malindi ikaukubali uamuzi wa jopo.

Kesi ya pili, ile ya kutotekeleza, inakwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi kama ombi la kikatiba. Tumia Ibara ya 42, 69 na 70 pamoja na kifungu cha 23 cha sheria ya tabianchi. Kuhusu swali lako la pili, Ibara ya 70(3) inasema wazi kwamba mlalamishi hahitaji kuonyesha kuwa mtu yeyote amepata hasara au madhara, na kifungu cha 23 kinarudia hilo. Hasara utaieleza ili mahakama ione uzito wa jambo. Haki ya kushtaki haiitegemei.

Kuna mtego mmoja. Katika kesi ya Kibos, mwaka 2020, Mahakama ya Rufaa ilisema huwezi kuruka jopo au NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira inayotoa leseni, kwa kulivisha lalamiko la leseni vazi la katiba. Desemba 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Nicholus, ilifafanua kwamba kuwepo kwa njia nyingine hakumzuii mtu kudai haki yake ya kikatiba ikiwa njia hiyo haitoshi kumpa nafuu anayoitafuta. Basi ndani ya ombi lenu wekeni aya nzima inayoeleza kwa nini NET haiwezi kuwapa mnachodai. Mkiisahau, pingamizi la awali ndilo litakalosikilizwa kwanza, na mwaka mzima unaweza kupita hamjaanza kuzungumzia visima.

---

HatiNaMuhuri:

Nikamilishe upande wa ushahidi, maana huko ndiko kesi za vikundi huvuja.

Kabla ya kufungua chochote andikeni barua ya kuomba taarifa chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Ikikataa au ikinyamaza, mnapeleka ombi la mapitio kwa Tume ya Haki ya Utawala. Barua iwe na nakala yenye muhuri wa kupokelewa na tarehe, kwa sababu ukimya wa ofisi nao ni kielelezo.

Msiandike "tunaomba taarifa zote za tabianchi". Ombeni hati zinazotajwa na sheria. Kifungu cha 19 cha sheria ya tabianchi kinaitaka kaunti iingize hatua za tabianchi kwenye mpango wake jumuishi wa maendeleo, na kila mwisho wa mwaka wa fedha ipeleke taarifa ya utekelezaji kwenye bunge la kaunti. Ombeni taarifa ya kila mwaka kwa miaka mitatu iliyopita, tarehe iliyopokelewa bungeni, na jina la cheo kilichopewa jukumu hilo. Kama taarifa haikuwahi kuandikwa, mna wajibu ulioandikwa na ushahidi kwamba haukutimizwa. Hiyo ina nguvu kuliko picha mia za mikoko iliyokatwa.

Picha nazo zina kanuni zake. Picha ya simu, video au ujumbe wa WhatsApp ni ushahidi wa kielektroniki, na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti. Cheti kinaeleza kifaa kilichotumika, jinsi picha ilivyopatikana na kuchapishwa, na kwamba kifaa kilikuwa kinafanya kazi sawasawa. Kinatiwa saini na mtu aliyehusika na kifaa hicho. Kosa la kila siku ni picha iliyopitia makundi matano, hajulikani nani aliipiga. Tafuteni mpigaji wa kwanza, na ile faili asilia ibaki kwenye simu yake.

Kwa maji ya visima, pimeni chumvi katika visima vilevile, misimu tofauti, kwenye maabara inayotambulika. Kipimo kimoja cha kiangazi kitapanguliwa kwa swali moja tu: masika ilikuwaje? Takwimu za mvua ombeni Idara ya Hali ya Hewa, na mtaalamu azieleze kwa hati yake ya kiapo. Msizibandike tu nyuma ya kiapo cha mwenyekiti wa kikundi, ambaye hawezi kuhojiwa juu yake.

Na uandishi: tangu kesi ya Anarita Karimi Njeru ya 1979, mlalamishi anatakiwa ataje haki anayodai, ibara inayoilinda, na namna ilivyovunjwa. Aya moja, wajibu mmoja, kosa moja.

---

BintiTanga:

Nawaongezea upande wa kanda, kwa sababu mtu atawaambia mwende Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha. Mlango upo, na mkaazi yeyote wa nchi mwanachama anaweza kuupita. Mwaka 2014 mahakama hiyo iliizuia Tanzania kujenga barabara ya lami kukatiza Serengeti. Lakini Ibara ya 30(2) ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki inatoa miezi miwili tu, na mahakama imeshakataa hoja kwamba uvunjaji unaoendelea unasogeza saa mbele.

Tazameni bomba la mafuta ghafi, EACOP, kilomita 1,443 kutoka Uganda hadi Chongoleani hapa Tanga. Mashirika yalifungua kesi Novemba 2020. Tarehe 29 Novemba 2023 ikatupwa, na hoja za tabianchi hazikupimwa hata kidogo. Mahakama ilihesabu miezi miwili tangu mkataba wa serikali mbili wa Mei 2017. Inauma, kwa sababu wanakijiji wengi waliopitiwa na bomba hawakuwahi kuuona mkataba huo. Hata hivyo, saa ilikuwa inakwenda.

Kwa Watanzania wanaosoma hapa: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 4 na cha 5, inatoa haki ya mazingira safi na haki ya kuidai mahakamani. Kesi ya kawaida ya madai dhidi ya Serikali inahitaji kwanza notisi ya siku 90. Waganda wana kifungu mahsusi cha kushtaki katika Sheria ya Taifa ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2021, kinachomgusa mtu binafsi, kampuni na serikali.

---

Mvuvi_Kipini:

Ahsanteni sana, nimeanza kuona njia. Vijana wetu wanataka tutaje kesi ya Uholanzi na maoni ya mahakama ya The Hague. Yanasaidia, au ni mapambo? Na lile la gharama bado.

---

Mizani_ya_Haki:

Yanasaidia mkichagua kwa akili. Urgenda, ile kesi ya Uholanzi, ilidumu tangu 2013 hadi tarehe 20 Desemba 2019, na amri yake ilikuwa lengo moja tu la takwimu: gesijoto zipungue angalau asilimia 25 ifikapo mwisho wa 2020, ukilinganisha na 1990. Ilifaa kwa nchi tajiri inayochafua sana. Nyinyi tatizo lenu ni kulindwa na athari, kwa hiyo msiige amri ile.

Pakistan iko karibu nanyi zaidi. Mwaka 2015 mkulima, Asghar Leghari, alikwenda Mahakama Kuu ya Lahore akisema sera ya 2012 na mpango wake wa utekelezaji vimelala. Jaji Syed Mansoor Ali Shah hakuandika sera mpya. Aliagiza kila wizara itaje mtu wa kuwajibika na kuleta orodha ya hatua zinazoweza kukamilika kufikia tarehe 31 Desemba, kisha akaunda tume ya kufuatilia. Kufikia Januari 2018 asilimia 66 ya hatua za kipaumbele zilikuwa zimetekelezwa. Ireland nayo, tarehe 31 Julai 2020, Mahakama ya Juu ilifuta mpango wa serikali kwa sababu sheria ilidai maelezo mahsusi na mpango ulikuwa maneno ya jumla. Zote mbili zilishika maandishi ya serikali yenyewe.

Maoni ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, hiyo ya The Hague, ya Julai 2025 yaingizeni kupitia Ibara ya 2(5) na 2(6) ya katiba yenu, aya mbili zinatosha.

Sasa amri mnazoomba, maana hapo ndipo ushindi huoza. "Serikali iamriwe kulinda mazingira" haimfungi mtu. Andikeni hivi: "Ndani ya siku 90, waziri wa kaunti mwenye dhamana ya tabianchi awasilishe mahakamani taarifa ya utekelezaji inayoonyesha kila hatua ya mpango, fedha iliyotengwa, iliyotumika, na tarehe ya kukamilika, kisha taarifa nyingine kila baada ya miezi minne kwa miaka miwili, na walalamishi wapewe siku 21 za kujibu kila taarifa." Mahakama ya Juu ya Kenya ilikubali amri za usimamizi wa aina hii katika kesi ya Mitu-Bell, Januari 2021.

Gharama: hakimu ana hiari, lakini katika kesi za maslahi ya umma zilizofunguliwa kwa nia njema kila upande kwa kawaida hubeba zake. Ombeni hivyo ndani ya ombi lenyewe, msingoje siku ya hukumu.

---

Wakili_Mwambao:

Naafikiana na Mizani, isipokuwa jambo moja: kama leseni ipo kweli, msingoje kukamilisha ombi kubwa la mtindo wa Leghari. Barua ya kwanza iende NEMA, ya pili bunge la kaunti. Ile ya NEMA ibebwe kwa mkono, iulize mambo mawili tu: namba ya leseni na tarehe iliyotolewa. Mkishaipata tarehe hiyo, hesabuni siku 60 kwenye kalenda, mrudi nyuma siku 14 kwa ajili ya kuandaa vielelezo na ada ya kufungulia rufaa, na siku mtakayoangukia ndiyo ya mwisho kwenu kuwa mmeshampa wakili kazi.