Niliondoka kwa ndege, na pasipoti yangu. Je, naweza kuomba hifadhi kama mkimbizi?

Mgeni_Njiani: Wakuu, heshima kwenu. Niko nchi ya watu, viza inakaribia kuisha. Nyumbani kazi hakuna, na kurudi siwezi. Kuna mtu ananishughulikia makaratasi ya hifadhi, ila mimi sikuvuka mpaka usiku wala kulala kambini. Nilipanda ndege kama msafiri yeyote. Je, mtu kama mimi anahesabika mkimbizi? Naombeni ushauri, usingizi umepotea.

MamaWawili: Mwanangu, rudi ujenge kwenu. Vijana wote mkiondoka, nani atabaki na wazee?

Kipanga: Ndege si tatizo. Mkataba wa kimataifa wa wakimbizi wa 1951 hauulizi ulisafiri na nini. Unauliza kama una sababu za msingi za kuogopa kuteswa kwa ajili ya rangi au kabila, dini, uraia, msimamo wa siasa au kundi la kijamii ulilomo, na kama serikali yenu inaweza kukulinda. Hata aliyeondoka kwa amani anaweza kuwa mkimbizi huko huko aliko, mambo yakiharibika nyuma yake. Ila "kazi hakuna" peke yake haitoshi. Hiyo "kurudi siwezi" umeipita haraka mno. Kwa nini huwezi?

Mgeni_Njiani: Ni mambo ya familia, mkuu. Niambieni tu kama ndege inaharibu.

Baharia77: Mimi niliondoka kutafuta maisha na sioni aibu. Mvua ziligoma mwaka hadi mwaka, mifugo ya baba ikaisha. Hakuna aliyenifukuza, na sheria hainiiti mkimbizi. Lakini nikikumbuka ule usiku tulivyokaa kupanga nani aondoke na nani abaki, siwezi kusema nilichagua. Wadogo zangu wamesoma kwa mikono hii.

Kipanga: Pole sana Baharia, ila tumrudie mleta mada. Kaka, jibu swali.

Mgeni_Njiani: Sawa. Wenye silaha walimchukua mdogo wangu akapigane. Wakamwachia mama ujumbe kwamba anayefuata ni mimi. Mama akauza shamba, nikapata viza ya masomo. Huyu anayenisaidia amesema hilo nisilitaje, eti wamelisikia mno. Amenipa maelezo ya mwanachama wa upinzani aliyefungwa gerezani. Nusu ya pesa nimeshalipa, na watu wake wengi wamepita. Hatari ni hatari, sioni ubaya.

Jicho_Kali: Hii chai. Mwanzo ajira, sasa bunduki. Anazijaribu hadithi kwetu, itakayokubalika ndiyo ataipeleka ofisini. Hawa ndio wanaowaponza wenye shida za kweli.

MamaWawili: Hata mimi nilihisi kitu.

Tumaini_B: Jicho_Kali, mimi nimekaa kwenye kile kiti cha kuhojiwa. Nilianza na nauli, nikaja na njia tulizopita, na lililonitoa nyumbani nikalisema mwisho kabisa, tena baada ya kuulizwa mara kadhaa. Mtu akichelewa kulisema, usimwite mwongo. Mleta mada, wakikuuliza selo yako ilikuwa na madirisha mangapi, utajibu nini? Watakuuliza tena siku nyingine na kulinganisha. Wakikunasa hapo, hata la mdogo wako hawataliamini. Na huduma za UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ni bure. Hakuna wa kumlipa.

Kipanga: La kweli lina uzito wake. Kama uko Afrika, mkataba wa wakimbizi wa OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) wa 1969 unamtambua pia anayekimbia matukio yanayovuruga vibaya amani ya nchi yake, yote au sehemu tu. Kwingineko mara nyingi utatakiwa kuonyesha kwamba walikulenga kwa mojawapo ya zile sababu tano, na hapo pagumu. Tafuta mwanasheria wa msaada wa kisheria, uombe kabla viza haijaisha.

Jicho_Kali: Basi ataje jina la hicho kikundi.

Mgeni_Njiani: Sitaji. Mama bado yuko kule. Halafu si rahisi kama mnavyosema. Fomu anayo yeye, na pasipoti yangu anayo yeye. Nikimwambia nabadilisha maelezo, atanirudishia?

Tumaini_B: Ana pasipoti yako? Hilo ungeanza nalo, kaka. Usimwambie chochote kwanza. Njoo inboksi sasa hivi, uniambie uko nchi gani.